Mikono Ifundwe Kabla ya Jezi Kushonwa

Katika baadhi ya ofisi na mabaraza ya Visiwa vyetu yanasikika siku hizi mazungumzo juu ya mchezo wa kurusha kisahani, ule unaoitwa na wenyewe altimeti, na ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la kisahani chake tu, yaani frisbi. Wapo wanaosema kwamba mchezo huo uingizwe katika michezo ya skuli na ya shehia. Wapo wanaosema kwamba huo ni mchezo wa watalii na uachwe huko huko mahotelini. Maoni yetu ni kwamba mchezo unafaa, na tutaeleza kwa nini. Lakini tunaona pia kwamba mazungumzo yenyewe yameanzia mkiani. Tunasikia habari za jezi, za nembo, za kamati na za safari; hatusikii habari za mkono wa kijana na namna unavyokishika kisahani, wala habari za kijana huyo anafikiri nini pale kisahani kinapokuwa mkononi mwake na mpinzani amesimama mbele yake akimhesabia.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua, mchezo huu ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa skuli moja ya sekondari katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, Marekani. Uwanjani huingia wachezaji saba kila upande, na uwanja rasmi wa majani una urefu wa meta 100 na upana wa meta 37, na kila mwisho wake pana eneo la bao lenye kina cha meta 18. Mchezaji hupata bao kwa kukidaka kisahani ndani ya eneo hilo. Aliye na kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Ni lazima asimame, aweke mguu mmoja wa egemeo, na akitoe kwa kurusha. Kisahani kikianguka chini, kikitoka nje, au kikidakwa na mpinzani, basi papo hapo upande wa pili ndio unaoshambulia. Ufukweni huchezwa na watu watano watano, katika uwanja wa meta 75 kwa 25. Si mchezo wa mitaani tena: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua kikamilifu shirikisho lake la dunia mwaka 2015, na majirani zetu wa Kenya na Uganda wanaucheza.

Sasa tuje kwenye mkono. Kisahani cha mashindano kina uzito wa gramu 175 na upana wa kama sentimeta 27. Ni chepesi, na wepesi huo ndio unaowahadaa wanaoanza. Kijana mwenye misuli, aliyezoea kuvuta nyavu au kutupa mawe, hudhani kwamba kisahani kitakwenda kwa nguvu ya bega. Akikirusha kwa bega, kinayumba, kinapanda, kinageuka na kuangukia nyuma ya yule aliyekusudiwa. Ukweli wa mambo ni kwamba kisahani hakishikiliwi hewani na nguvu ya bega bali na mzunguko wake mwenyewe, kama pia wanayoichezea watoto: ikizunguka kwa kasi husimama wima, ikipungukiwa na mzunguko huanza kulewalewa. Na mzunguko huo hutoka katika kifundo cha mkono, katika ule mfyatuko mfupi wa mwisho kabla vidole havijaachia.

Mirusho ya lazima ni miwili. Upo ule wa kuvuka kifua, ambao mtu hukunja mkono mbele ya mwili wake, vidole vinne vikiwa chini ya ukingo na gumba juu, kisha akaukunjua. Na upo ule wa vidole viwili, ambao kidole cha shahada na cha kati hubana ukingo wa ndani, gumba likiwa juu, na mkono ukatokea upande wake wa kawaida, kiwiko kikiwa karibu na ubavu. Wa kwanza hujifunzwa na kila mtu kwa siku moja, walau kwa kubabaisha. Wa pili ndio unaowashinda wengi, kwani kiwiko hukimbilia mbali na mwili, kiganja hugeuka kutazama chini, na kisahani huondoka kimeinama upande mmoja kama ngalawa iliyopoteza ndubi. Wengi hukata tamaa hapo, wakarudi kwenye ule wa kwanza na kubaki nao miaka yote. Hili ni kosa lenye gharama kubwa. Mchezaji mwenye mrusho mmoja ni sawa na mwenye mlango mmoja: anayemlinda hana kazi ila kusimama hapo mlangoni.

Pamoja na mikono miwili hiyo kuna mguu. Mwenye kutumia mkono wa kulia huegemea mguu wa kushoto, akatanua hatua kwa mguu wa kulia kwenda upande huu au ule, ili kisahani kitoke mbali na mikono ya mlinzi. Tumewatazama vijana wengi wakifanya mazoezi wamesimama wima kama mihimili ya nyumba, wakirushiana kwa uzuri kabisa, na siku ya mchezo wakashangaa kwamba mirusho yao yote inagonga mikono ya adui. Hawakuwahi kufundishwa kupiga hatua. Mazoezi yao yalikuwa ya mtu asiye na mpinzani, na mchezo usio na mpinzani haupo.

Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani twakumbuka kwamba mwalimu hakumpa mtoto msahafu siku ya kwanza. Alimpa ubao na herufi. Zikaja irabu, fataha na kisira na dhumma, kisha kuunganisha, na mtoto aliyetamka ha badala ya hha alirudishwa nyuma pale pale, hata kama mwenziwe ameshaingia Juzuu Amma. Hakuna aliyeona kwamba mtoto yule ameonewa. Lakini katika michezo tumekuwa na desturi ya kumpa kijana msahafu mzima asubuhi ya kwanza: tunagawa timu mbili, tunapiga filimbi, na baada ya saa moja tunasema kwamba mazoezi yamekwisha. Katika saa hiyo, kijana aliye dhaifu amegusa kisahani labda mara nne. Atajifunza nini kwa mara nne?

Tunapendekeza kinyume chake. Wawili wawili wasimame meta nane tu kutoka mmoja hadi mwingine, na wasiongeze hata hatua moja mpaka mirusho 19 katika 20 iwe imedakwa, ya kuvuka kifua na ya vidole viwili pia. Baada ya hapo aingie mtu wa tatu katikati, akae kama mlinzi, ahesabu kwa sauti, na anayerusha alazimike kupiga hatua na kumzunguka. Watu watatu, kisahani kimoja, dakika 30: kila mmoja wao atakuwa amerusha mara nyingi kuliko katika mechi nzima. Haitaki uwanja, haitaki refa, haitaki hata viatu. Inataka mwalimu mwenye subira, na subira ni kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote ya manunuzi tuliyowahi kuiona.

Liko pia suala la upepo, na hapa watu wa visiwani tungepaswa kuwa walimu wa wengine. Asiyekaa pwani hufanya mazoezi siku zenye utulivu, na siku ya upepo akaulaumu upepo. Sisi kusi linatuvumia tokea Aprili hadi Septemba, na kaskazi inapoingia mwishoni mwa mwaka haituachi mpaka Machi. Siku tulivu kwetu ni chache na hazifai kusubiriwa. Kisahani kinachorushwa kuelekea goshini hubebwa juu na upepo ule unaokipiga tumboni. Ukiinua ncha yake ya mbele kidogo tu, kitapaa, kitasimama hewani, na kitarudi kukutafuta. Kwa hiyo kirushwe chini, kikiwa bapa, ncha ya mbele imeinamishwa kidogo, na mzunguko uongezwe badala ya nguvu. Kinachorushwa kuelekea demanini hupata dhiki ya pili: upepo unakwenda nacho, hewa ya kukishikilia inapungua, na huanguka mapema kuliko ilivyotarajiwa, huyo apewe urefu zaidi. Na upepo wa ubavuni hucheza na ukingo: ukingo wa upande unaotoka upepo ukiinuka, upepo hupenya chini yake na kukichukua kisahani chote. Haya nahodha yeyote wa ngalawa angeyaelewa bila ya kuelezwa mara mbili, kwani ndiyo hesabu yake ya kila siku ya tanga. Vijana wetu wana urithi huo nyumbani kwao na hakuna aliyewaambia kwamba unatumika hapa.

Lakini mkono ni nusu ya shughuli. Nusu ya pili ni uamuzi, na hapa ndipo tunapotaka viongozi wetu watusikilize zaidi.

Mchezaji akishakidaka kisahani, mlinzi wake husogea ndani ya meta tatu na kuanza kuhesabu, sekunde baada ya sekunde. Neno kumi likianza kutamkwa kabla kisahani hakijaachiwa, kimepotea. Sekunde kumi hizo ni nyingi kwa anayejua anachokitafuta, na ni kufumba na kufumbua kwa asiyejua. Mlinzi mwenye akili hajaribu kuzuia pande zote. Husimama kwa makusudi upande mmoja, akauacha wa pili wazi, na wenzake wote nyuma yake wakajipanga kuulinda ule ulio wazi. Kijana asiyefunzwa hutazama upande ulio wazi, akaona wamejaa watu, akaendelea kutazama pale pale mpaka hesabu imefika nane. Hapo moyo hudunda, mkono hukakamaa, na kisahani hutupwa mbali kwa matumaini. Sisi tunaiita dua ya mvivu.

Anayefunzwa hufanya vingine. Humtazama kwanza mwenzake anayekimbia kuja wazi, akirusha si pale alipo bali pale atakapofika. Ikiwa hakuna, hesabu inapofika tano au sita huwa ameshageuza uso kwa yule mwenzake aliyekaa nyuma au pembeni yake, akampa kwa mrusho mfupi wa meta tano, na hesabu ikaanza upya kwa mtu mwingine, katika pembe nyingine. Mrusho huo wa kurudi nyuma watazamaji hawaupigii makofi. Huonekana ni woga. Tumesikia watu wazima kando ya uwanja wakipiga kelele "mbele, mbele!" kama kwamba waliomo ndani hawajui bao liko wapi. Kumbe ndio mrusho unaozijenga timu, na ugumu wake hauko mkononi bali katika kuukubali mapema. Ukichelewa hadi nane, hata mrusho wa meta tano unatetemeka.

Tuweke hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Timu ambayo mirusho yake tisa katika kila kumi hufika salama hujiona ni timu hodari. Lakini ikihitaji mirusho kumi mfululizo ili ifike kwenye bao, uwezekano wa kufika ni 35 tu katika 100. Wakipanda kidogo, wakawa wanafikisha 95 katika 100, uwezekano wa mirusho hiyo kumi unaruka hadi kiasi cha 60. Wakifika 98, unakuwa 82. Tazameni basi tofauti hiyo. Kati ya 90 na 98 mtazamaji wa kawaida haoni lolote. Wote kwake ni vijana wanaodaka vizuri. Lakini mmoja anafunga bao moja katika kila mashambulizi matatu, na mwingine anafunga manne katika kila matano. Tofauti hiyo hainunuliwi dukani. Inapatikana katika zile dakika 30 za watu watatu.

Na hesabu hiyo hiyo inatufundisha kuwa waangalifu katika kuwalaumu wanaorusha mbali. Mrusho mrefu wenye uwezekano nusu kwa nusu ni uamuzi mbaya kwa timu ambayo ingefika kwa mirusho mitano ya tisa katika kumi, kwani mitano hiyo inafika mara 59 katika 100. Lakini kwa timu ambayo mirusho yake mifupi inafika mara nane tu katika kumi, mitano mfululizo inafika mara 33. Timu hiyo ikirusha mbali haijafanya upumbavu, imefanya linaloiwezekana. Isitoshe, mrusho mrefu ukianguka, mpinzani anaanza kazi mbali na bao lako, hali kisahani kinachoanguka karibu na eneo lako mwenyewe ni zawadi kwake. Kwa hiyo mwalimu anayewakaripia vijana wake kila siku, "acheni kurusha mbali," bila ya kuwafundisha kurusha karibu, anawaomba waamue kama matajiri hali mfuko ni wa maskini. Uamuzi mzuri hutegemea mkono ulionao, si ule unaoutamani. Tungependa wale wanaotaka kutenganisha mafunzo ya ufundi na mafunzo ya mbinu, kila moja na mkufunzi wake na posho yake, walitafakari jambo hilo.

Upepo nao unaingia katika hesabu. Kila baada ya bao timu hubadilishana pande, na waliofunga hubaki pale pale walipofungia. Anayefunga kwa kupanda upepo hubaki goshini, na mpinzani wake ndiye atakayelazimika kuupanda. Bao la namna hiyo kwa hakika lina uzito wa mawili, na timu inayojua hivyo itavumilia mirusho mifupi 15 au 20 ikipiga bisho, zamu huku zamu kule, bila ya kujali kelele za watazamaji.

Liko jambo jingine la uamuzi ambalo halimo katika hesabu, na ambalo sisi tunaliona kuwa zito kuliko yote tuliyoyataja. Mchezo huu una daraja la mchanganyiko, wanaume na wanawake katika timu moja. Kwenye majani huwa wanne kwa watatu, kwenye mchanga watatu kwa wawili. Hakuna kushikana wala kugongana, kwani sheria inakataza. Kila mmoja anaweza kuvaa mavazi yake ya heshima, mtandio na suruali ndefu, na asipungukiwe na kitu. Kwa sababu hiyo wazazi wasiokuwa tayari kuwaachia binti zao michezo mingine huenda wakauangalia huu kwa jicho jingine. Hadi hapo ni habari njema.

Lakini mtu na akae kando ya mchezo wa mchanganyiko, popote duniani, ahesabu kisahani kinakwenda kwa nani. Ataona msichana ametoka mbio, amemwacha mlinzi wake hatua tatu nyuma, mkono ameunyoosha, yuko wazi kabisa. Na mwenye kisahani amemwona, macho yao yamekutana, kisha akageuza uso na kumrushia rafikiye aliyezungukwa na watu wawili. Tabia hiyo hulalamikiwa hata katika nchi ambazo mchezo una miaka 50 na zaidi, basi tusidhani kwamba sisi itatupita. Mara ya tatu akirukwa hivyo, msichana huacha kukimbia. Ndipo wenziwe husema, "mnaona, hawa hawakimbii." Timu hiyo ya watano sasa inacheza kwa watatu, nayo imejifanyia hivyo yenyewe.

Hatusemi kwamba apewe kwa kuhurumiwa. Asiyekuwa wazi asipewe, awe mume awe mke. Tunasema kwamba aliye wazi ni wazi, na mwenye kumruka amefanya uamuzi mbaya wa kimchezo kabla hata hatujafika kwenye suala la haki. Chama chetu kimehubiri usawa katika majukwaa kwa miaka mingi, na kuhubiri ni kazi nyepesi. Sekunde ya tano ya hesabu, jasho likimtoka kijana machoni, ndipo tutakapojua kama alisikia. Walimu basi wawe na kawaida ya kuhesabu. Kila mazoezi, mtu mmoja akae na daftari, aandike kila aliyekuwa wazi akapewa na kila aliyekuwa wazi akarukwa. Daftari la aina hiyo, likisomwa kwa sauti mwisho wa jioni mbele ya timu nzima, litafanya kazi ambayo semina tatu haziwezi.

Wapo viongozi waliotuuliza itakuwaje mchezo usiokuwa na refa. Ni kweli: hata katika mashindano ya dunia, wachezaji wenyewe ndio wanaotaja makosa, na wenyewe ndio wanaoamua. Aliyetendewa faulo huitaja. Aliyeituhumiwa hukiri au hukataa. Wasipokubaliana, kisahani hurudi kwa aliyekirusha na mchezo huendelea. Baada ya mechi kila timu humpa mpinzani wake alama za uungwana katika mambo matano, na kila jambo lina alama kutoka sifuri hadi nne: kuzijua sheria, kuepuka kugongana, kutopendelea nafsi, kujizuia, na namna ya kuzungumza. Jibu letu kwa viongozi hao ni kwamba uamuzi wa kusema "nilikigusa, kimetoka kwangu" hautofautiani na uamuzi wa kurusha. Nao huchukuliwa kwa sekunde chache, katika joto, mbele ya watu; na kama mrusho, haumjii mtu siku ya fainali ikiwa hakuufanyia mazoezi siku za kawaida. Mwalimu anayewaamulia vijana kila ubishi mazoezini anawanyima somo. Akae kimya, awape nusu dakika, wamalizane. Na sheria wazisome. Kijana asiyejua sheria hawezi kuwa mwadilifu hata akitaka.

Huenda ikaulizwa kama nchi isiyo tajiri inaweza kufika mbali katika mchezo ulioanzia Marekani. Colombia ilichukua medali ya fedha katika Michezo ya Dunia ya 2017, huko Wroclaw, Poland, ikiziacha nyuma nchi zenye fedha na viwanja mara nyingi zaidi. Tunaitaja si kwa kuota medali, bali kwa sababu kisahani ni kile kile, gramu 175 kwa tajiri na kwa maskini, na kimoja kikitunzwa hudumu misimu kadhaa.

Sasa basi kwa upande wa Serikali. Vifaa vinavyohitajika ni vichache kiasi cha kuaibisha: visahani kumi kwa skuli, koni nane au hata vifuu vya nazi vya kuwekea mipaka, na nakala ya sheria iliyotafsiriwa kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu mchezo usio na refa hauchezeki kwa sheria zilizoandikwa kwa lugha wasiyoielewa wachezaji. Hilo la tafsiri lianze kwanza, na lifanywe na watu wanaoijua lugha na wanaoujua mchezo, wakikaa meza moja. Walimu wa michezo wapelekwe mafunzoni wao kabla ya timu yoyote kusafirishwa. Tumechoka kuona ujumbe wa viongozi saba na wachezaji kumi.

Na uwanja tunao. Upande wa mashariki wa Unguja, maji yanapokupwa, hutokea mchanga mgumu na mpana unaotosha viwanja vingi, bila ya gharama ya majani wala ya kumwagia maji. Lakini mchanga huo hauko wazi kama ulivyokuwa. Pana mahali ambapo vitanda vya kuotea jua, kamba na walinzi vimesogea hadi karibu na maji, na kijana wa kijiji akipita na kisahani huulizwa anakwenda wapi. Ufukwe ni mali ya umma. Ikiwa wakuu wa wilaya wanaupenda mchezo huu kama tunavyosikia, mchango wao mkubwa zaidi si kukata utepe siku ya ufunguzi bali ni kuhakikisha kwamba kila shehia ya pwani ina walau kipande kimoja cha meta 75 kwa 25 ambacho hakuna atakayemfukuza mtoto hapo.

Ratiba nayo isitungwe mjini kwa saa ya ukutani. Wakati wa bamvu, maji huinuka na kushuka kwa kiasi cha meta nne, na uwanja ulio mkavu saa tisa unaweza kuwa chini ya maji kabla ya magharibi. Wakati wa maji mafu hautokei wote. Saa zinasogea kila siku, na mazoezi lazima yasogee nazo, yakiziepuka nyakati za sala na saa ambazo kina mama wamo mashambani mwao ya mwani, ambao walikuwepo kwenye mchanga huo kabla ya kisahani chochote na hawafai kuondolewa kwa ajili yake. Masheha wa pwani wanaziju saa hizo kuliko jedwali lolote. Waulizwe wao kabla ratiba haijagongwa mhuri.